Kutu ya Jirani

Siku wifi yangu alipokuja kutufungia redio, alivua viatu mlangoni. Hilo liliniudhi kuliko yote. Mtu anakuja kukukata ulimi, halafu anaogopa kukuchafulia sakafu. Nilimtazama akiviweka pembeni, kimoja sambamba na chenzake kama kawaida yake, nikasema moyoni kwamba laiti ningekuwa na mbwa ningemwita avichukue.

Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu, juu ya kilima, na mnara mwembamba ambao mume wangu aliusimamisha mwenyewe, kipande juu ya kipande. Kila mtu humwita Fundi, hata mimi. Upande mmoja wa chumba ulikaa mtambo wa kurushia matangazo, ukinguruma kama friji kuukuu; upande wa pili meza, maikrofoni na mimi. Kuta tulizifunika kwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kila asubuhi niliwasha maikrofoni nikasema, "Uliyeamka, mwamshe mwenzio," kisha nikasoma matangazo: nani kafiwa, nani kapotelewa na mbuzi, zahanati itachanja watoto lini, barabara gani imekatwa na maji. Watu waliniita Mama Asubuhi. Sauti yangu si ya kumtoa nyoka pangoni, lakini nilikuwa nasema kitu ambacho mtu anakihitaji kabla hajafunga mlango kwenda kazini, na hilo nililionea fahari. Bado ninalionea.

Sehemu pekee ya ukuta isiyo na trei za mayai ilikuwa na chati. Wifi ndiye aliyetuletea siku tulipoanza kurusha matangazo. Yeye ni mkaguzi kwenye mamlaka inayogawa masafa ya redio, na chati ile kwake ni kama ramani ya shamba la ukoo. Inaonyesha mawimbi yote, kuanzia yale marefu ya kivivu mpaka yale mafupi makali. Fundi alinieleza, tena kwa furaha ya mtu anayekutambulisha kwa ndugu zake, kwamba redio, joto la jiko, mwanga wa taa, hata ile picha ya mfupa wanayopiga hospitalini, vyote ni kitu kimoja; tofauti ni kasi ya kutikisika tu. Nikamwambia basi ni kama ukoo wenu, damu moja, lakini mmoja anapoza na mwingine anachoma. Fundi alicheka. Wifi hakucheka, maana alijua ninamsema nani.

Kwenye chati hiyo, sehemu ya redio kama yetu ni kipande chembamba. Kinaanzia themanini na nane, kinaishia mia na nane. Hapo ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni njia za ndege, marubani wakiongea na waongoza ndege wao. Sisi tulipewa mia na saba nukta tisa, yaani kiwanja cha mwisho kabisa, ukuta kwa ukuta na ndege. Vya katikati vilikuwa vimekwisha. Wifi alimwonya ndugu yake mapema.

"Mdogo wangu," alisema, "ukijenga mpakani, kuku wa watu akipotea utaulizwa wewe."

Fundi akasema heri kuulizwa ukiwa na nyumba kuliko kutoulizwa ukiwa huna.

Juu ya kilima hicho hicho, karibu na uzio wetu, ulisimama mnara wa redio kubwa ya mjini. Sisi tuliiita Jirani. Mnara wake ulikuwa mnene na mrefu, una taa nyekundu kileleni, na tangu tuhamie pale hatukuwahi kuona mtu akiupaka rangi. Jirani alikaa kwenye tisini na saba nukta saba, mahali pazuri, katikati. Hatukuwa na ugomvi naye. Mlinzi wake alizoea kuja kwetu kuomba maji ya kunywa, nami nilimpa ya baridi.

Basi, marubani wakaanza kulalamika kwamba wananisikia.

Mwanzoni tulicheka. Wifi alitusimulia kwamba rubani mmoja, akiwa anashuka, aliwauliza waongoza ndege kama atue au kwanza akampeleke mtoto kuchanjwa. Sauti yangu ilikuwa imeingia kwenye njia yao ya mawasiliano. Ilikuwa inakoroma, imekwaruzika, lakini ni yangu, na zahanati ni ya kwetu. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi naye alicheka kidogo, kisha akakunja uso. Alisema wakati mimi natangaza chanjo, kuna neno ambalo rubani yule alilikosa, na neno lenyewe lilikuwa "subiri". Mimi sijawahi kupanda ndege, lakini nilimfikiria mwanamke aliyempakata mtoto mle ndani, na sikupenda kabisa kuwa mimi ndiye niliyemfunika sauti mwongoza ndege.

Fundi aliufungua mtambo, akaupima, akausafisha, akabadilisha vichujio. Ulikuwa mahali pake sawasawa, haujateleza hata kidogo. Malalamiko yakaendelea.

Mamlaka ina utaratibu wake. Mashaka yakiziangukia redio zilizo jirani, aliyekuja mwisho huzimwa kwanza, kwa sababu aliyetangulia ana haki ya kutangulia. Akizimwa na uchafu ukakoma, mkosaji kapatikana. Wifi aliueleza utaratibu huo kwa heshima, kama mtu anayesoma dua. Nilimuuliza kama sheria hiyo haioni kwamba wa mwisho mara nyingi ndiye mdogo.

"Sheria ni msumeno, wifi," alinijibu. "Hukata mbele na nyuma."

Nililiweka neno hilo akibani.

Siku ya kupima alikuja na ile gari yao yenye antena juu ya paa. Mwenzake alikuwa uwanja wa ndege, amekaa na waongoza ndege, na wakawa wanazungumza kwa simu. Wifi aliniomba nisome chochote. Nikasoma habari ya mbuzi wawili waliopotea, mmoja ana kengele. Mwenzake akasema mbuzi wamefika. Fundi akazima mtambo, mwenzake akasema kimya. Fundi akawasha, mbuzi wakarudi. Akazima, wakaondoka. Kazi ilikuwa imekwisha, na mkosaji alikuwa mimi na mbuzi wangu.

Lakini wifi hakupanda gari. Nitasema kweli, kwani ukweli hauna wifi: mwanamke yule anaijua kazi yake, na anaipenda. Alimuuliza mwenzake kama chini ya sauti yangu kuna kitu kingine. Mwenzake akatega sikio akasema kuna ngoma. Sisi asubuhi hatupigi ngoma. Watu wanataka kusikia majina ya marehemu wao. Wifi akafungua redio ya gari kwenye tisini na saba nukta saba. Jirani alikuwa anapiga ngoma.

Akatuita kwenye boneti la gari. Lilikuwa na vumbi, akaandika kwa kidole. Ya kwetu, mia na saba nukta tisa, akaizidisha mara mbili. Akapata mia mbili kumi na tano nukta nane. Akatoa ya Jirani, tisini na saba nukta saba. Ikabaki mia na kumi na nane nukta moja, na hiyo ndiyo ya waongoza ndege, yenyewe kabisa, haikuzidi wala kupungua.

Alisema mawimbi mawili safi yakikutana kwenye chuma chenye kutu, chuma hicho huyachanganya, na yakichanganyika huzaa la tatu. Hakuna mtambo mbovu hapo. Ukizima hili, mtoto anakufa. Ukizima lile, mtoto anakufa vile vile.

"Kwa hiyo mtoto ni wa wote wawili," nilisema, "ila sura kachukua kwangu."

"Ndivyo," alisema wifi, na safari hii alicheka.

Tukatazama juu. Mnara wetu Fundi huupaka rangi na kuutia grisi kila kiangazi, kila nati. Mnara wa Jirani, pale vipande vinapoungana, ulikuwa wa kahawia, na kahawia ile ilikuwa imechuruzika chini kama machozi ya mwenye trakoma. Hapakuhitajika darubini.

Wifi akampigia mkurugenzi wake. Aliomba Jirani azimwe kwa muda wa kusoma tangazo moja tu, ili kipimo kikamilike. Simu yake ina sauti kubwa na mimi nilikuwa nimesimama karibu, kwa makusudi. Mkurugenzi alisema Jirani anajiandaa kutangaza mpira, kuna wadhamini, kuna watu wakubwa. Alisema kidonda kimeshaonekana, kwa nini akate na mguu mzima. Wifi akaanza kueleza habari ya kutu. Ndipo mkurugenzi akasema neno ambalo bado nalisikia, kwa upole kabisa.

"Dada, huyo ni mdogo wako. Ukimtetea wewe, nani atakuamini?"

Wifi alishusha simu. Namjua tangu niolewe. Amemlea Fundi baada ya mama yao kufa, amemwogesha, amemfunza kusoma, amemchapa. Alikwenda garini akachukua mfuko wake, akaja mlangoni kwetu, akavua viatu.

Alisema atafunga mwenyewe, hataki mkono wa mtu mwingine umguse mdogo wake. Fundi akasema, "Funga, dada." Lakiri ya mamlaka ni waya mwembamba unaopitishwa kwenye swichi, halafu unabanwa kwa kipande cha madini ya risasi na koleo lenye muhuri. Kazi ndogo kabisa. Wifi alijaribu na kurudia, waya ukawa haupiti, na mume wangu, mume wangu mwenyewe, akaushika waya akamsaidia kuupitisha. Nilisimama pale na karatasi ya mbuzi mkononi. Wanasema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi jembe nilikuwa tayari kulishika, tena kwa furaha, ila wale hawakugombana.

"Nitaandika kwamba Jirani lazima apimwe," wifi alimwambia. "Akishapimwa, nitakuja kufungua kwa mkono huu huu."

"Na mkono huo huo," nikasema mimi, "usiunyooshe tena kwenye chai yangu."

Fundi aliniangalia kwa macho ya kuniomba. Sikumjali. Wifi akavaa viatu vyake akaondoka.

Kuna kimya cha kupumzika na kuna kimya cha kunyang'anywa, na mimi sasa ninavijua vyote viwili. Asubuhi niliamka saa zile zile, nikakaa jikoni na midomo yangu. Watu walikuja mlangoni na matangazo yao, maana hawakuelewa kwamba mtu anaweza kuwa mzima na redio yake imekufa. Mwanamke mmoja baba yake alikuwa ametoka nyumbani akapotea, mzee aliyekwisha kuanza kusahau njia. Nilimwambia aende kwa Jirani. Akarudi akasema Jirani hasomi watu waliopotea, labda wawe wachezaji. Nilitembea naye sokoni, nikasimama juu ya kreti la soda, nikatangaza kwa mdomo mtupu. Walionisikia walikuwa wauza nyanya na mateja wawili. Watu wengine ndio waliomkuta mzee, akiwa ameshakufa, kwenye mfereji upande wa pili wa mji, mahali ambapo redio yetu ilikuwa ikisikika vizuri.

Fundi aliufunika mtambo kwa shuka letu la zamani, lile la maua. Kila siku aliuzunguka mnara wetu akitafuta kutu. Hakuiona, akakwangua rangi aone kama imejificha chini. Nilimkuta amekwangua mpaka chuma kimekuwa cheupe. Nilimuuliza anatafuta nini na dada yake alishamwonyesha hesabu. Akaniambia sauti iliyosikika kwenye ndege haikuwa ya Jirani, ilikuwa ya mke wake. Alikuwa ameanza kuamini, na hilo ndilo lililoniumiza hata kuliko mtambo. Mtu akiibiwa hulia. Akiambiwa yeye ndiye mwizi, siku ya kwanza hukasirika, siku ya pili hupekua mifuko yake mwenyewe.

Wifi aliandika. Akajibiwa kwamba suala limefungwa. Akaandika tena, akatolewa kwenye gari la kupima akapewa meza ofisini, karibu na dirisha lisilofunguka. Yote hayo nilimsikia akimweleza Fundi, kwa sababu Jumapili hakuacha kuja. Alivua viatu, akakaa, nami nikapita na birika langu kama vile kiti kile hakina mtu. Akikaukiwa koo, alikwenda mwenyewe kwenye mtungi akachota maji. Hakuniomba radhi, na mimi sikutaka aombe, maana ningelazimika kujibu. Kila alipokuja alimwambia ndugu yake asiuze mtambo. Avumilie tu, ataufungua.

Kisha Jirani akatafuta mtu wa kupaka rangi mnara. Wapandaji ni wachache, na Fundi hana hofu ya urefu. Akaenda akakubaliwa siku hiyo hiyo. Nilimuuliza kama ameishiwa na aibu, kwenda kumpamba nyoka aliyemuuma. Alinijibu bila hasira kwamba yeye ni mtu wa minara, kilima kina minara miwili, na wa kwake umekufa. Nilimfungia chakula cha mchana, lakini nilikifunga kwa nguvu.

Jikoni nilikuwa na kiredio kidogo, nimekiacha kwenye mia na saba nukta tisa. Palikuwa na mchakacho tu, ule wa mahali pasipo na mtu. Niliuzoea. Mchakacho huo uliniambia kwamba kiwanja kipo, hakijajengwa, na mwenyewe atarudi. Asubuhi moja nikiwa nachochea uji, mchakacho ukakatika. Msichana mwenye sauti ya asali akasema, "Uliyeamka, mwamshe mwenzio."

Nilizima jiko. Nikakaa chini, palepale sakafuni.

Jirani alikuwa ameomba masafa ya redio yake ya pili, ya vijana, na mamlaka ikaangalia chati yake ikaona mahali wazi. Salamu yangu nayo waliikuta wazi, wakaichukua. Fundi aliporudi nilimwambia. Aliingia kwenye chumba cha redio akakaa na mtambo wake chini ya shuka, na mimi sikumfuata. Sasa hata lakiri ikifunguliwa, hapakuwa na mahali pa kurudi. Ahadi ya wifi ilikuwa imepigwa mnada wakati yeye yuko mezani kwake anaandika.

Kutu haina adabu wala haijui mkubwa. Redio mbili za Jirani zilipoanza kuruka pamoja pale kilimani, hesabu ya kwenye boneti ikajibu vile vile. Marubani wakasikia tena sauti ya mwanamke, na ngoma chini yake. Safari hii alikuwa anawauliza wasikilizaji wamtumie ujumbe wa mapenzi.

Habari iliyofuata Fundi aliiona kutoka juu, na niliitoa kwake kwa shida, neno moja moja, kama mtu anayetolewa mwiba. Alikuwa katikati ya mnara wa Jirani, amejifunga mkanda, brashi mkononi. Akaona gari la mamlaka linapanda kilima. Dada yake akashuka, peke yake, na mfuko wake. Fundi aliutambua mfuko. Kwa sheria, redio ile mpya ndiyo iliyokuja mwisho, na wifi, ambaye hakuwa tena mtu wa gari, alikuwa ameliazima gari na kuja kuizima. Mlinzi akamzuia getini, yule yule wa maji ya baridi. Akapiga simu, halafu akampa wifi simu. Wifi akasikiliza. Akamrudishia. Akabaki amesimama juani na koleo mkononi, kwa muda mrefu, mlinzi akawa anaangalia pembeni kwa aibu. Kisha akalirudisha koleo mfukoni, akageuza gari, akashuka.

Nilimuuliza Fundi kama dada yake alimwona. Alisema hakuinua kichwa. Nikamuuliza kwa nini hakumwita. Alisema rangi ilikuwa inamdondokea kwenye suruali.

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Nilikuwa nimelihifadhi lile neno la msumeno, nimelinoa, nikijua iko siku nitamrudishia nione uso wake. Usiku ule nililitazama nikaona halijapoteza ukali wake. Nikafurahi, na furaha yenyewe ikawa chungu kama shubiri.

Wiki iliyofuata mhandisi wa Jirani alimpa Fundi boksi la bolti mpya na kumwambia akabadilishe zote za kwenye maungio. Hakumwambia kwa nini, na Fundi hakuuliza. Wote walijua. Alipanda, akafungua zile za kahawia moja moja, akasugua chuma kikang'aa, akatia grisi, akafunga mpya. Marubani hawakusikia tena ngoma wala mwanamke. Hapakuwa na tangazo. Hakuna aliyesema kwamba ilikuwa kutu tangu mwanzo, na kutu yenyewe ilikuwa ya nani.

Alirudi na bolti moja mfukoni, akaiweka mezani. Nilimpandishia sauti. Nilimwambia angeiacha, angeziacha zote, Jirani naye aonje, mamlaka ione, kila mtu aone. Kwa nini mkono wake ndio uwasafishie kosa walilomfungia yeye?

"Ndege zina watu," alisema.

Nilimchukia kidogo kwa neno hilo.

Jumapili wifi akaja. Akavua viatu, ila kimoja kilianguka ubavu na hakukiweka sawa. Akakaa. Akaiona bolti.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo, dada."

Aliichukua, akaigeuza, vidole vikawa vya kahawia. Akamuuliza kama mpya amezikaza vizuri. Fundi akasema amezikaza. Akaitikia kwa kichwa, mkaguzi mpaka mwisho.

Nikaona wakati umefika. "Wifi," nikasema, "ule msumeno wako naona una meno upande mmoja."

Lilimfika. Niliona likimfika. Miezi yote ile nililingoja nikidhani nitashiba, na nilichoona mbele yangu ni mwanamke mzima, nywele zimeanza mvi, ameshika bolti kama mtoto aliyekabidhiwa kitu asichojua pa kukiweka. Alimgeukia ndugu yake, hakunigeukia mimi.

"Maisha yangu yote nimefunga kwa sheria," alisema. "Nikakufunga na wewe, kwa sababu ulikuwa wa mwisho. Sasa siku ile nilifunga nini?"

Fundi alimjibu polepole. "Ulifunga redio yetu, dada."

Hakuna aliyelia. Wifi alisimama, akachukua mfuko wake, akatangulia kwenda nyuma ya nyumba, sisi tukamfuata. Chumba kilinuka vumbi na panya walikuwa wamezitafuna trei za mayai. Chati ilikuwa imejikunja pembeni. Alilitoa shuka la maua, akalikunja vizuri akaliweka juu ya meza yangu, kando ya maikrofoni. Akatoa koleo, akaikata lakiri yake. Alisema aliahidi kufungua kwa mkono wake, na mkono ndio huu. Kipande cha risasi kilidondoka sakafuni kikaviringika mpaka ukutani.

Mtambo ulikuwa wazi. Fundi aliutazama. Nilimwona akinyoosha kidole taratibu, akakiweka kwenye swichi, na mimi, nasema kweli, nikajikuta nimeshavuta kiti cha maikrofoni. Masafa yalikuwa ya watu, lakini mtambo ulikuwa wetu na kilima kilikuwa kilekile. Asubuhi moja tu. Mzee mmoja tu aliyepotea.

Fundi akamwangalia dada yake. "Niwashe?"

Wifi alikuwa anafuta kutu vidoleni kwa upindo wa nguo yake. Hakukasirika, wala hakupandisha sauti.

"Ukiwasha," alisema, "atakayetumwa kufunga tena ni mimi."

Fundi akaondoa kidole. Nikampa shuka, akaufunika mtambo, nami nikashika upande mmoja ili likae sawa. Kisha nikaenda jikoni nikamimina chai, vikombe vitatu.